Rangi Ikipotea Majini, Uchafu Umekwenda Wapi?

Nyuma ya nyumba moja ya Mabatini, jijini Mwanza, mama mmoja anayetengeneza batiki aliniita nisogee karibu na beseni lake. Alikuwa ameyeyusha rangi ya bluu katika maji ya moto yenye kostiki soda na haidrosalfaiti, lakini maji yenyewe hayakuwa ya bluu. Yalikuwa ya rangi iliyo baina ya njano na kijani, kama majani yaliyoanza kukauka. Akachovya kipande cha shuka, akakigeuza mara kadhaa kwa kijiti, akakitoa na kukianika kwenye kamba. "Kiangalie tu, mwanangu, usikiguse," alisema. Kitambaa kilichotoka majini kikiwa cha njano kilianza kubadilika kwenye pindo, kisha katikati, na baada ya dakika chache kilikuwa cha bluu iliyokolea.

"Rangi haikwenda popote," alinieleza. "Ilijificha tu. Hewa ndiyo inayoirudisha."

Maneno hayo yamenisaidia kuelewa jambo la maabara kuliko maelezo mengi niliyowahi kuyasoma. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa, wanakemia wa nchi nyingi wamekuwa wakitengeneza chembe ndogo mno za fedha, dhahabu, chuma na zinki kwa kutumia maji ya majani ya mimea, kisha wakionyesha kwamba chembe hizo huondoa rangi na kemikali nyingine majini kwa muda mfupi. Habari hizo zikitufikia huwa zimefupishwa mno: mwarobaini unasafisha maji, basi. Sisi tunaokunywa maji ya Ziwa Victoria, tunaovua humo na kuutazama mto Mirongo ukipita katikati ya jiji letu na kuingia ziwani na kila ulichokiokota njiani, tuna haki ya kuelezwa jambo hili kwa ukamilifu, kwa kuwa ndani yake mna kemia ya kweli na yenye manufaa, na mna pia mahali ambapo macho hudanganyika.

Tuanze na udogo wenyewe. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa takriban nanomita 80,000 hadi 100,000, ilhali chembe tunazozizungumzia ziko kati ya nanomita 1 na 100. Udogo huo una maana kwa sababu mmenyuko wa kikemikali unaosaidiwa na metali hutokea juu ya uso wa metali, si ndani yake. Chukua kipande cha madini ya fedha chenye umbo la dadu, kila upande sentimita 1. Uzito wake ni kama gramu 10 na nusu, na eneo la uso wake ni sentimita za mraba 6 tu. Kikatekate mpaka kila kidadu kiwe na upande wa nanomita 10, bila kuongeza wala kupunguza fedha yoyote, kisha ujumlishe nyuso zote: utapata mita za mraba 600. Hicho ni kiwanja kamili cha 20 kwa 30, kile ambacho mtu wa Buswelu au Kisesa hukinunua ili ajenge nyumba yake, na kimetoka katika kipande kinachokaa juu ya ncha ya kidole.

Njia ya miaka mingi ya kupata chembe hizo ni kuchukua chumvi ya metali iliyoyeyuka majini na kuipa kemikali kali yenye kutoa elektroni, kwa mfano sodiamu borohaidraidi au haidrazini. Ndani ya chumvi hiyo metali imo kama ayoni, yaani atomu iliyopungukiwa na elektroni. Ikipewa elektroni inageuka atomu kamili, atomu zinakusanyika, na chembe inazaliwa. Tatizo ni kwamba haidrazini ni sumu, na borohaidraidi nayo inahitaji uangalifu mkubwa, kwa hiyo kiwanda kinachotaka kusafisha maji kwa chembe zilizotengenezwa kwa njia hiyo kinaanza kwa kuzalisha taka nyingine. Ndipo mimea ilipoingia. Majani ya mwarobaini, mpera, mkaratusi, mlonge na chai yana polifenoli na flavonoidi kwa wingi, na tanini, ile inayokausha ulimi mtu akinywa chai ya rangi iliyokolea, ni mojawapo ya polifenoli hizo. Molekuli za namna hii hutoa elektroni kwa urahisi. Zikishatoa, nyingine huuzunguka uso wa chembe changa na kuzuia chembe zisigandamane kuwa donge. Kazi mbili ambazo maabara ilizifanya kwa kemikali mbili, jani linazifanya zote kwa pamoja.

Utaratibu wake ni mwepisi kiasi kwamba maabara ya kawaida ya chuo inaweza kuufuata. Majani ya mwarobaini kama gramu 10 huoshwa vizuri, hukatwakatwa, na kuchemshwa kwa dakika chache katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji ili yasiwe na chumvi. Yakipoa huchujwa. Pembeni huwekwa maji yenye naitreti ya fedha, gramu 0.17 kwa lita. Sehemu moja ya maji ya majani humiminwa katika sehemu tisa za maji ya fedha, na mchanganyiko uliokuwa wa njano hafifu huanza kugeuka taratibu hadi kuwa wa kahawia kama chai. Watafiti wa Pune, India, walichapisha mwaka 2004 kazi iliyoonyesha kwamba maji ya mwarobaini hutengeneza chembe za fedha na za dhahabu kwa njia hii, na tangu hapo idadi ya mimea iliyojaribiwa ni kubwa mno.

Ukahawia huo hautokani na majani. Elektroni zilizo juu ya uso wa chembe ya fedha hutikisika kwa pamoja zinapopigwa na mwanga wa takriban nanomita 400 hadi 450, ambao ni wa zambarau na bluu. Mwanga huo unamezwa, nasi tunaona rangi zilizobaki. Chembe za dhahabu humeza mwanga wa kijani, ndiyo maana maji yake huwa mekundu kama zabibu. Michael Faraday aliichunguza dhahabu hiyo nyekundu jijini London mwaka 1857, na mafundi wa kioo wa dola ya Roma waliitumia katika karne ya 4 bila kujua walichokuwa nacho. Kwa fedha na dhahabu, basi, rangi inayojitokeza ni shahidi mzuri, ingawa mtafiti makini bado ataomba picha ya hadubini ya elektroni.

Kwa chuma, shahidi huyo si wa kuaminiwa. Anayemenya ndizi mbichi kwa kisu kisicho cha pua anajua kwamba kisu huwa cheusi, vidole vikawa vyeusi, na utomvu ukidondokea nguo doa lake halitoki. Weusi huo ni tanini ya ndizi iliyoshikana na chuma cha kisu. Wino wa kale wa Ulaya ulitengenezwa kwa kanuni hiyo hiyo. Sasa, mtafiti anapomimina maji ya chai katika kloridi ya chuma na kuona weusi papo hapo, si halali kutangaza mara moja kwamba amepata chembe za chuma halisi. Ayoni ya fedha inapokea elektroni kwa hamu, lakini ya chuma ni ngumu kuishawishi, na polifenoli kwa kawaida hazina nguvu ya kuifikisha kwenye metali kamili ndani ya maji. Kinachopatikana mara nyingi ni chuma kilichofungamana na polifenoli, au oksaidi ya chuma. Kitu hicho kinaweza kufaa sana kwa kusafisha maji, nami sikidharau. Ninachosisitiza ni kwamba kiitwe kwa jina lake, kwa kuwa namna kinavyofanya kazi ni tofauti na namna chuma halisi kinavyofanya.

Chembe zikishapatikana hutumiwa kama kichocheo. Kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kwisha. Nadhani mfano ulio karibu nasi ni wa dalali wa samaki pale mwaloni Kirumba. Mwenye samaki yupo na mwenye pesa yupo, wote wanataka biashara, lakini wamesimama mbali katika umati na siku inapita. Dalali anawakutanisha, mauziano yanafanyika, naye anageukia wengine. Chembe ya fedha hufanya hivyo kwa elektroni: upande mmoja inazipokea kutoka kwa kemikali yenye kutoa, upande wa pili inaikabidhi molekuli ya rangi iliyotua juu ya uso wake. Bila chembe, mmenyuko huo huo ungekwenda polepole sana, ijapokuwa hakuna kinachoukataza.

Jaribio linalopendwa kuliko yote hutumia methilini bluu, rangi inayopatikana karibu katika kila maabara. Huyeyushwa majini, huongezwa borohaidraidi kwa wingi, kisha matone ya chembe za fedha, na katika dakika chache bluu yote inatoweka. Anayelitazama kwa mara ya kwanza anavutiwa, na ni haki yake. Lakini hapa turudi Mabatini, ambako haidrosalfaiti ndiyo iliyoipa rangi ya beseni elektroni na kuificha. Methilini bluu iliyopokea elektroni haijavunjika; imegeuka umbo lisilo na rangi ambalo mifupa yake ya kikaboni ni ile ile. Acha chupa wazi, itikise ipate hewa, na borohaidraidi ikiwa imekwisha bluu itaanza kurudi, kama ilivyorudi kwenye kitambaa cha yule mama. Anayeandika kwamba uchafu umeharibiwa kwa asilimia fulani kwa kupima kupotea kwa bluu peke yake amepima kujificha, hakupima kuharibika. Namna ya kujua ukweli ni kupima kaboni yote iliyomo katika molekuli za kikaboni zilizobaki majini. Ikiwa haijapungua, molekuli bado zimo, hata kama maji yanang'aa kama ya chupa dukani.

Kuna rangi ambazo hali yake ni ya hatari zaidi. Rangi za kundi la azo, ambazo ni sehemu kubwa ya rangi za nguo duniani, zina atomu mbili za naitrojeni zilizoshikana katikati ya molekuli. Zikipewa elektroni, kiungo hicho hukatika na rangi hupotea kabisa, bila kurudi. Hapo kweli kitu kimevunjika, lakini vipande vyake ni amini za kundi la anilini, na baadhi yake, benzidini ikiwa mojawapo, zinajulikana kusababisha saratani. Maji meupe ya namna hiyo yanaweza kuwa mabaya kuliko yale yaliyokuwa mekundu, na tena hayamtahadharishi mtu. Jaribio la pili linalopendwa, la kugeuza nitrofenoli ya njano kuwa aminofenoli isiyo na rangi, nalo lina funzo lake. Nitrofenoli ni sumu, na aminofenoli ndiyo malighafi ambayo viwanda vya dawa huitumia kutengeneza parasetamoli, kwa hiyo kiwandani huo ni mmenyuko wa thamani. Majini, aminofenoli bado ni uchafu unaosubiri kuondolewa.

Vilevile sioni ni kwa vipi kazi inaweza kuitwa ya kijani kwa kuwa chembe zimetoka kwenye majani, ilhali kila zinapotumika inamiminwa borohaidraidi ile ile iliyokwepwa mwanzoni.

Uvunjaji hasa hupatikana kwa njia ya kinyume, yaani kuinyang'anya molekuli elektroni zake mpaka ibaki hewa ya ukaa, maji na chumvi. Mwaka 1894 Mwingereza Henry Fenton alieleza kwamba chuma kikikutana na haidrojeni peroksaidi huzalisha nguvu kubwa ya kuoksidisha, yaani ya kunyang'anya elektroni. Leo tunajua kwamba anayefanya kazi hiyo ni radikali ya haidroksili, kipande cha molekuli ya maji kilichopungukiwa na atomu moja ya haidrojeni, ambacho huishi kwa sehemu ndogo mno ya sekunde lakini huvamia karibu kila molekuli ya kikaboni iliyo jirani. Hapa chembe za chuma zilizotengenezwa kwa chai au mkaratusi zina nafasi nzuri, iwe ni oksaidi au ni chuma kilichofungamana na polifenoli. Kizuizi ni kwamba njia ya Fenton hupenda maji yenye asidi, pH ya karibu 3, na maji ya ziwa letu kwa kawaida huegemea upande wa alkali. Kuyatia maji asidi kisha kuirekebisha kwa chokaa ni gharama, na huacha tope la chuma ambalo lazima litafutiwe mahali pa kwenda.

Njia nyingine ni jua. Oksaidi ya zinki na ile ya titani zikipigwa na miale ya urujuanimno huzalisha radikali hizo hizo bila peroksaidi. Mwanza iko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua halituhitaji tuliombe. Hata hivyo miale ya urujuanimno ni takriban asilimia 5 tu ya nishati ya jua, au chini ya hapo, na oksaidi ya zinki iliyoanza kwa maji ya majani mara nyingi humaliziwa kwa tanuru la nyuzi 400 au 500, jambo ambalo mwenye kuhesabu kuni na umeme hawezi kuliruka.

Kabla mtu hajatamani kumimina chembe hizi ziwani, ajue pia ni uchafu upi haumo kabisa katika uwezo wake. Zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu katika ukanda wa Geita ni elementi. Hakuna kichocheo kinachoweza kuivunja. Inaweza kubadilishwa umbo, kunaswa au kuhamishwa, lakini atomu ya zebaki itabaki kuwa zebaki. Fosforasi inayotoka mashambani na vyooni, ambayo pamoja na naitrojeni ndiyo inayolisha mwani na kuyafanya maji ya ghuba zetu yawe ya kijani, nayo haivunjiki. Ugonjwa mkubwa wa Ziwa Victoria ni huo wa kurutubishwa kupita kiasi, na dawa yake ni kuzuia majitaka na mmomonyoko wa udongo, si chembe za fedha.

Fedha yenyewe ni jambo la kuogopwa. Ayoni zake ni miongoni mwa sumu kali kabisa za metali kwa samaki wa maji baridi: hushika kwenye mashavu ya samaki na kuvuruga namna anavyotunza chumvi mwilini. Sehemu kubwa ya maji yanayoondoka Ziwa Victoria huondoka kama mvuke, na metali haipandi na mvuke. Inabaki na dagaa na sato. Kwa hiyo chembe zikiachwa huru majini tutakuwa tumeondoa rangi na kuweka sumu.

Maji halisi nayo hayafanani na maji ya maabara. Jaribio hufanywa kwa maji yaliyokenekwa yenye rangi ya aina moja. Maji yanayotoka mahali pa kuandalia minofu ya sangara yana damu, mafuta na protini zinazofunika uso wa chembe mpaka usifikike. Kloridi huinasa fedha iliyoyeyuka, na salfaidi ya mfereji uliooza huigeuza nyeusi na kuizima. Majani nayo hayako sawa mwaka mzima: mwarobaini wa masika na wa kiangazi hauna kiasi kile kile cha polifenoli, na chembe zake huenda zikatofautiana ukubwa. Nimesikia pia tumaini kwamba magugu maji, mgeni huyu kutoka Amerika ya Kusini aliyeingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, yangemalizwa kwa kutengenezewa chembe. Ni kweli yamejaribiwa na yanatoa chembe za fedha. Lakini kazi inayohitaji gramu 10 za majani kwa chupa haiwezi kupunguza magugu yaliyoziba ghuba, na mmea unaojulikana kwa kunyonya metali nzito unapaswa kupimwa kwanza kabla ya kuchemshwa.

Mahali ninapoona matumaini ya kweli ni padogo: kwenye mdomo wa bomba, au pembeni ya beseni, kabla maji hayajachanganyika na mengine. Tuchukue lile la batiki. Hatua ya kwanza haihitaji nano yoyote. Maji yaliyobaki yakimwagwa kwenye pipa wazi na kukorogwa mara kwa mara, hewa inarudisha rangi, na rangi za aina hii zikisharudi haziyeyuki tena majini. Hutuama chini au hunaswa kwenye mchanga na mkaa. Kostiki soda iliyobaki lazima ipunguzwe makali, kwa sababu alkali hiyo ingekizima kichocheo cha chuma. Baada ya hapo ndipo kichocheo kinapostahili kuitwa, kwa ajili ya kile ambacho mchanga haukukinasa: oksaidi ya chuma yenye usumaku, iliyotengenezwa kwa maji ya majani na kushikizwa kwenye mkaa, pamoja na kiasi kidogo cha peroksaidi.

Kazi ikiisha, sumaku inapitishwa nje ya chombo na kichocheo kinajikusanya ukutani, cheusi kama masizi, huku maji yakimiminwa. Kinaoshwa, kinakaushwa, kinapimwa kwa mizani ya maabara na kurudishwa kwa mzunguko mwingine. Tofauti ya uzito baina ya mzunguko wa kwanza na wa kumi ndiyo chuma na mkaa vilivyotoka na maji kuelekea Mirongo, na namba hiyo inafaa iandikwe kwenye ukurasa ule ule wenye namba ya kaboni iliyobaki.